Mwanamke Aliyeogopa Mvua

Katika Seme nzima, kuanzia barabara kuu hadi ziwani, huenda Seline Anyango ndiye peke yake aliyeogopa mvua ya Machi. Wenzake walinusa udongo uliolowa wakamshukuru Mungu. Yeye akiunusa tu, tumbo la chini lilijikunja na viganja vikamtoka jasho, hata kama siku hiyo hakuwa na maumivu yoyote. Jambo kama hilo humwelezi mtu. Utaanzia wapi, na nani atakaa chini akusikilize?

Alikuwa mshonaji. Aliishi na mumewe, Obiero, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la mji, mtaani Kaloleni, mjini Kisumu, na cherehani yake ilikaa barazani ambapo kila mpita njia aliiona. Alishona yunifomu za shule, na mshono wake ulisifiwa hadi Migosi. Lakini Kaloleni ni mtaa ambao ukikohoa kwako, jirani anakuuliza umekunywa dawa gani. Watu waliona kwamba kila mwezi kuna siku ambazo cherehani inafunikwa kitambaa na mlango unafungwa kwa ndani, na kwa kuwa hawakuambiwa sababu, wakajitungia. Wapo waliosema anaringa. Wapo waliosema ana chupa yake ya chang'aa uvunguni. Mama mmoja wa kanisani, mwenye ulimi usiojua likizo, alisema Seline ana roho ya kukataa ndoa, na akapendekeza aombewe.

Wakati wakisema hayo, Seline alikuwa amelala sakafuni, magoti kifuani, akiuma pindo la kanga. Maumivu yalikuja kama mtu anayekamua blanketi lililolowa: anakamua, anapumzika kidogo, kisha anashika tena upande mwingine. Yalishuka mapajani, yakapanda mgongoni, yakamfanya atapike chai aliyokunywa asubuhi. Yakipoa, alinawa uso, akafungua mlango, akaanza tena kukanyaga cherehani. Mteja akiuliza, alisema alikuwa na malaria. Kwa hesabu ya majirani, hakuna mwanamke aliyeugua malaria Kaloleni kama Seline.

Yalimwanza tangu alipokuwa msichana. Mama yake alimwambia ndivyo wanawake walivyoumbwa, kisha akaendelea kupepeta mtama. Seline akawatazama wasichana wenzake shuleni, akawaona wakiruka kamba siku zile zile ambazo yeye hawezi kusimama wima, akakata shauri kwamba wao wana maumivu kama yake ila wamejaliwa moyo mgumu. Akaona haya. Tangu hapo akajifunza kujikaza kisabuni, na kazi hiyo aliijua vizuri kuliko ushonaji.

Aliambiwa akizaa yataisha. Alimzaa Gordon, na hayakuisha. Yalizidi, yakaanza kumjia hata nje ya siku zake, na baya zaidi yakaingia kitandani, pale mke anapokutana na mumewe.

Obiero hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri kulisema hilo mapema. Alikuwa karani wa mizigo bandarini, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na maneno machache, asiyelewa wala kuinua mkono wake nyumbani. Seline alimwambia. Alimwambia mwaka wa kwanza baada ya Gordon kuzaliwa, akamwambia tena na tena, kwa maneno yaliyo wazi kadiri adabu ilivyoruhusu: kwamba ndani kuna mahali panauma kama kidonda kinachoguswa. Obiero alisikia jambo jingine. Alisikia kwamba hatakiwi. Uso wake ukajifunga, akageukia ukutani, na kwa muda mrefu akawa anakula bila kusema chakula ni kitamu.

Hata hivyo alimpeleka kwa daktari mmoja mjini. Daktari hakumgusa. Aliuliza ana watoto wangapi, akaambiwa mmoja, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu.

"Mama, wewe una mawazo mengi," alisema, akimtazama Obiero. "Zaa mwingine, utasahau haya yote."

Njiani Obiero alikuwa mchangamfu. Alimnunulia soda. Aliona wamepona balaa, kwa kuwa hakuna ugonjwa. Seline alikunywa ile soda akijua kwamba alikuwa ameingia kwa daktari akiwa mgonjwa, akatoka akiwa mwongo.

Mawazo! Sijui neno hili lilianzia hospitali gani, lakini limezika wanawake wengi wakiwa hai. Lilihamia kwao Kaloleni kama mgeni asiye na mpango wa kuondoka. Seline akijikunja, ni mawazo. Akikosa usingizi, ni mawazo. Na mtu akiambiwa jambo miaka nenda miaka rudi, mwisho huanza kulichunguza. Seline alikaa barazani akijiuliza kama kweli ndani yake kuna Seline mwingine, mkaidi, asiyetaka mume wala watoto, anayemtengenezea maumivu ili apate kisingizio. Alimtafuta huyo mwanamke kwa bidii. Hakumwona, na bado hakuweza kuapa kwamba hayupo. Hapo ndipo upweke wake ulipokomaa, kwa sababu hata yeye mwenyewe hakuwa tena upande wake.

Mtu pekee aliyeingia mlango ukiwa umefungwa alikuwa Wamaitha, jirani kutoka Nyeri aliyeuza viazi sokoni. Aligonga dirishani mpaka akafunguliwa, akaingia na chupa ya bia iliyojaa maji moto, ameizungushia sweta kuukuu, akamwekea Seline tumboni bila kuuliza swali. Kisha akakaa kwenye kigoda akaanza kulalamikia viazi vilivyooza njiani. Siku moja tu ndipo Seline alipothubutu kumuuliza kama anafikiri ni mawazo.

"Mimi sijui, Mama Gordon," Wamaitha alisema. "Mimi naona tu ile jasho yako. Mawazo haiwezi kutoa jasho kama hiyo."

Seline alilishika neno hilo kwa miaka.

Obiero alioa mke wa pili, Dorca, msichana mwenye nguvu na kicheko kikubwa, akamweka Seme, kijijini kwao, alime shamba. Seline hakununa. Ukweli ni kwamba alipumua, kisha akajichukia kwa kupumua, kwani mke gani anafurahi mumewe akienda kwa mwingine? Dorca alizaa watoto wanne mfululizo. Walimwita Seline mama mkubwa, naye aliwashonea nguo za Krismasi.

Lakini mke wa kwanza kwa Wajaluo ni mikayi, na umikayi hauna kustaafu. Mvua ya kwanza inaponyesha, hakuna mkono wa mtu yeyote unaotia mbegu ardhini kabla ya wake. Na kabla hajatia mbegu hiyo, ni lazima usiku wake mwenye nyumba awe amelala kwa mikayi, walale kama mke na mume. Asubuhi mikayi atoke na jembe, achimbe, apande. Baada yake ndipo mke mdogo apande, kisha wana na wake zao. Mtu akiruka zamu, inakuja chira, laana inayokondesha watoto mpaka wanakwisha. Wote waliamini hivyo, na Seline pia, msomaji wa Biblia, aliamini hivyo.

Ndiyo sababu aliogopa mvua. Mwaka mzima Obiero alikuwa hamsumbui tena, lakini Machi ilikuwa Machi. Mwili wake, ambao hakuna aliyetaka kusikia habari zake, uligeuka ghafla kuwa mlango wa shamba la watu wote. Alisafiri kwenda Seme, alifanya iliyompasa, na kesho yake alipanda akiwa ameinamia maumivu huku watu wa boma wakimsifu kwa kulima akiwa karibu na ardhi. Mwaka wa themanini na tatu ulikuwa mbaya kuliko yote. Alitokwa damu siku kadhaa. Hivyo mwaka uliofuata, mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya ziwa, Seline alipiga magoti chumbani Kaloleni, akaomba mvua ichelewe. Hakuomba isije. Aliomba ichelewe kidogo tu, apate nguvu.

Mvua haikuja kabisa.

Wanaokumbuka mwaka ule wanakumbuka mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo, na watu waliopima unga kwa mkebe. Seme ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama. Watoto wa Dorca walikuja Kaloleni wakati wa likizo, miguu imekuwa vijiti, na mdogo wao alilala mchana kutwa bila kulia. Seline aliwapikia uji, akawatazama wakinywa, na ndani ya kichwa chake sauti moja ilisema: ni wewe. Usicheke. Ni rahisi kwetu kusema mvua ya nchi nzima haiwezi kusimamishwa na sala ya mshonaji mmoja. Lakini mwanamke huyu alikuwa amefundishwa kwamba mawazo yake yana nguvu ya kumtoa damu. Kwa nini yasiwe na nguvu ya kukausha mbingu? Alitamani kumwambia mtu, hata Wamaitha, akashindwa. Alifyata mdomo, akawa anapeleka Seme kila unga alioupata.

Machi iliyofuata mvua ilinyesha kweli kweli. Obiero alichukua likizo, wakaenda nyumbani pamoja, na njia nzima wanawake walikuwa mashambani wakipanda na kuimba. Usiku wa kwanza Obiero aliingia nyumbani kwa mikayi, na Seline alijaribu. Mungu anajua alijaribu. Lakini ukelele ulimtoka kabla hajauzuia, na mikono yake ikamsukuma mumewe kifuani kama mikono ya mtu anayejiokoa motoni. Obiero alivaa shati, akatoka. Asubuhi mikayi hakuonekana na jembe, na boma zima likajua.

Siku zikapita. Jirani wa upande huu mahindi yake yakachipuka, na wa upande ule akaanza kuzungumzia palizi. Kwa Obiero udongo ulikaa mtupu, umelainika, unasubiri. Obiero alikaa mbele ya nyumba yake akisikiliza redio, hamtazami mtu. Watu waliopita njiani walipunguza mwendo.

Dorca alikuja mchana mmoja, mtoto mdogo mgongoni. Hakuwa na kicheko. Aliamkia kwa heshima, akakaa mkekani.

"Mikayi," alisema kwa Kijaluo, "kama nimekukosea, niadhibu mimi. Usiwaadhibu hawa."

Seline aliweka chini sindano aliyokuwa ameshika. Alikuwa hajawahi kumwambia mwanamke wa ukoo huu, na maneno yalimtoka ovyo ovyo. Alisema kwamba si chuki. Alisema kwamba anaumwa huko ndani, kwamba ni kama kisu, kwamba ameumwa tangu utotoni na kila mwaka anapanda akiwa anakufa. Hata habari ya sala alimwambia. Alipomaliza alimtazama yule mke mwenza usoni kama mtu aliyepiga hodi mlango wa mwisho katika kijiji.

Dorca alimwangalia. Huenda aliamini, huenda hakuamini. Mtoto alijigeuza mgongoni mwake, akatoa sauti ndogo isiyo na nguvu, na Dorca akampigapiga matako kwa mkono bila kujua anafanya hivyo.

"Kama ni kweli," alisema, "vumilia leo tu."

Seline hakumlaumu, wakati ule wala baadaye. Angekuwa na mtoto kama yule mgongoni, pengine naye angesema hivyo hivyo. Alimtuma Dorca amwambie mzee kwamba chakula chake jioni kitakuwa kwa mikayi.

Usiku ule hauna maelezo. Aliuma kanga, na safari hii hakutoa sauti, kwa kuwa alikwisha jua kwamba sauti yake ndiyo iliyoharibu kila kitu. Alfajiri alifunga nguo vizuri, akachukua jembe na mbegu, akaenda shambani. Alipiga shimo la kwanza, akatia mbegu, akafunika kwa mguu. Akapiga la pili. Jasho lilimdondoka puani, na mbele ya macho ardhi ilipanda na kushuka, lakini alipiga mstari mzima mpaka mwisho, akageuka, akarudi na mwingine. Upande wa pili wa boma Dorca alikuwa tayari na watoto wake. Walipoona mikayi amemaliza, waliingia shambani mbio kama watu walioachiliwa.

Obiero alikuja akasimama kwenye ukingo, kikombe cha chai mkononi. Alitazama ile mistari iliyonyooka. Uso wake ulikuwa umelegea, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na alitabasamu kwa upole, tabasamu la mtu anayesamehe.

"Unaona sasa?" alisema. "Kumbe ulikuwa unaweza."

Akamkabidhi kikombe, akaenda zake kuwaangalia watoto.

Seline alibaki na chai ile mkononi. Alikuwa amefikiri kwamba siku atakayovumilia hadi mwisho, mtu ataona alivyovumilia. Sasa alielewa kwamba kila alichokishinda kilihesabiwa kuwa hakikuwepo. Akilia, ni mawazo. Akinyamaza akafanya, basi alikuwa mzima siku zote. Alikunywa chai kwa sababu ilikuwa ya moto na tumbo lilitaka kitu cha moto.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri. Dorca alimletea mahindi mabichi ya kwanza, akayaweka mlangoni, akasema asante mikayi, na jambo la mkekani hawakulizungumza tena kamwe.

Baada ya hapo Seline hakumwambia mtu. Alipanda kila Machi bila kuchelewesha boma hata mara moja, na sifa zake zikaenea Seme kwamba mikayi wa Obiero siku hizi ametulia. Mjini alishona, akafunga mlango, akafungua. Alifika mahali pa kuyaficha maumivu hata akiwa peke yake, hajikunji, anakaa wima kitini na kutazama ukuta. Mwaka wa tisini na mbili, siasa zilipochafuka na makabila yakaanza kufukuzana, Wamaitha alifunga virago akahamia Nakuru kwa dada yake. Alikuja kuaga na sweta lile kuukuu, akamwachia. Walishikana mikono barazani, watu wakipita.

Miaka miwili baadaye Seline alianguka juu ya cherehani yake. Gordon, ambaye sasa alikuwa mwalimu, alikuwapo siku hiyo, na hakuuliza mtu. Alimbeba hadi hospitali ya misheni. Huko palikuwa na daktari mwanamke, Gakenia, bado kijana, mwenye vidole vifupi na baridi. Alimpima hasa, akambonyeza pale pale, na Seline alipojikaza asionyeshe kitu, daktari alisema usinifiche mama, nimeona vidole vyako vya miguu vikijikunja. Walimpasua siku iliyofuata, wakamtoa kizazi.

Obiero alikuja alasiri. Mvi zilikuwa zimemjaa, na alishika kofia kwa mikono miwili. Daktari Gakenia alieleza akiwa amesimama upande wa kitanda, polepole, kwa Kiswahili chepesi. Alisema nyama ile ambayo kazi yake ni ndani ya kizazi ilikuwa imeota nje, kila mahali, ikitoka damu kila mwezi isiyokuwa na njia ya kutoka. Ilikuwa imegandamanisha viungo vya ndani, kizazi, utumbo na mgongo, kama vitu vilivyopakwa gundi. Hali kama hiyo haiji kwa mwaka mmoja. Imemchukua miaka mingi sana.

"Na ilikuwa inauma," alisema daktari. "Kuketi inauma. Kuwa na mume inauma. Sijui mama huyu alikuwa anasimama vipi."

Machozi yalianza kumtoka Seline, yakaingia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali. Daktari akadhani analilia kizazi kilichotolewa, akamgusa bega, akasema pole, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Obiero alibaki. Alivuta kiti, akakaa, akasimama, akakaa tena. Kidevu chake kilikuwa kinacheza. Seline hakuwahi kumwona hivyo, hata siku ya kumzika baba yake.

"Mama Gordon," alisema, na sauti ikamkatika. "Mbona hukuniambia?"

Seline aligeuza kichwa, akamtazama. Alitafuta usoni mwa mumewe ujanja wowote, aibu yoyote ya mtu anayejua anachokifanya, na akaona hakuna. Alikuwa anauliza kweli. Katika miaka yote ile, katika chumba kile kimoja cha Kaloleni, hakuwa amesikia hata neno. Hapo ndipo Seline alipojua jinsi alivyokuwa peke yake, na hilo lilimkata maini kuliko kisu cha daktari.

"Nilikuambia," alisema.

Obiero alifikiri kwa bidii, paji la uso limejikunja, kama mtu anayetafuta mahali alipoweka kitu. Kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Sikumbuki," alisema.

Aliinuka akamtengenezea shuka miguuni, vizuri, pande zote mbili, akauliza kama anataka uji. Seline akasema ndiyo.